Uchumi Haukuwakuta Wamekaa

Iko itikadi iliyoota mizizi katika vichwa vya wasomi na wasiosoma wa nchi hii, isemayo kuwa uchumi unaopanda kwa kasi ndio unaowatoa wanawake majumbani na kuwatia kazini, na kwa hiyo anayewatakia kheri na asubiri ukuaji uendelee, maana mengine yatafuata yenyewe. Aghalabu wanaoieneza ni watu wa nia njema. Hata hivyo ni batili, na mahali pa kuibatilishia si kumbi za mikutano za Nairobi bali ni Kikopey, kando ya barabara kuu baina ya Gilgil na Nakuru, penye moshi wa nyama ya mbuzi.

Kila msafiri wa njia ile anaijua biashara ya pale: wauza nyama wa makoti meupe wakiyapungia magari, visu vikilia juu ya gogo, mbavu zikigeuzwa juu ya makaa. Hao, takriban wote, ni wanaume, nao ndio wanaokusudiwa watu wasemapo kwamba Kikopey imestawi. Lakini nyama haiendi mezani peke yake. Yuko anayesonga ugali sinia baada ya sinia, anayekatakata kachumbari, anayeteka maji, anayeosha matumbo, anayesugua sufuria hata usiku ukamkuta. Na ukimwuliza shemeji yake juu ya maishilio yake, utajibiwa bila haya kuwa huyo hana kazi, anasaidia tu pale hotelini.

Ama kudai kwamba mwanamke wa Bonde la Ufa alikuwa amekaa akingoja uchumi umpigie hodi, huko ni kuifuta tarikhi. Mwaka 1919 Gavana wa kikoloni Edward Northey alitoa waraka wa kuwataka maofisa wake wawahimize Waafrika waende kuwafanyia kazi walowezi, na waraka ule haukuwasahau wanawake na watoto, maadamu shamba la mlowezi lilikuwa karibu na makwao. Mwanasiasa Harry Thuku aliipinga dhulma hiyo ya kuwasukuma wanawake na wasichana mashambani. Naye alipotiwa mbaroni Machi 1922, Mary Muthoni Nyanjiru alisimama mbele ya umati nje ya kituo cha polisi cha Nairobi, akawakemea wanaume kwa woga wao, akapigwa risasi akafa. Baadaye wake za maskwota walichuma pareto katika mashamba ya walowezi wa bonde hili hili. Mwanamke wa Bonde la Ufa hakukosa kazi hata siku moja. Alichokosa ni ujira wa haki na hiari ya kukataa.

Sasa tuzitazame hisabu zenyewe. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi waliokutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani waliafikiana kuwa kulea, kupika na kulima chakula cha nyumbani vyote ni kazi, ila mwenye ajira ni yule tu atendaye kwa malipo au faida. Ufafanuzi huo siupingi, una manufaa yake. Ninalolipinga ni mazoea ya kusoma nusu yake ya pili na kuifumbia macho ya kwanza. Kwani mama aliyekuwa akilima mahindi ya watoto wake, akienda kufungasha waridi Naivasha, huandikwa kuwa ameingia kazini, ilhali ukweli ni kwamba ya kwanza hakuitua na ya pili ameongezewa.

Tena huo ukuaji tunaoambiwa tuusubiri si mdhamini wa lolote. India ilikua kwa kasi ambayo sisi tunaiota, na tangu katikati ya miaka ya 2000, kwa zaidi ya mwongo mmoja, sehemu ya wanawake katika nguvukazi yake ilipungua. Naye Claudia Goldin, aliyepewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, ameonyesha kuwa Marekani, viwanda vilipochukua nafasi ya kilimo, wanawake walioolewa walipungua kazini kabla ya kuongezeka tena baadaye.

Watanionyesha mashamba ya maua, ambako wanawake ni wengi kuliko wanaume. Naam, ni wengi. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama mzazi likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na mshahara huo hutoka katika mfuko wa mwajiri peke yake. Basi mwenye kuajiri akimtazama binti aliye mbele yake hupiga hesabu ya gharama kabla hajamwuliza jina, na kibarua asiyeitwa tena tumbo linapoanza kuonekana hana hata wa kumdai. Tanzania Bara, mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, aliyetimiza masharti hulipwa fao la uzazi na mfuko wa pamoja. Sisi tunashindwa na nini?

Wala sitaki serikali ya Nairobi peke yake ibebe lawama. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti vituo vya kulelea watoto wadogo, waziwazi. Kaunti ya Nakuru haisahau ada ya leseni ya bucha. Basi sehemu ya fedha hizo na ijenge kituo cha watoto Kikopey, mwendo wa miguu kutoka majikoni, kifunguliwe kabla ya gari la kwanza kusimama na kisifungwe mpaka sufuria ya mwisho ioshwe.